Bampa la Nyuma na Haki ya Anayetufuata

Miongoni mwa mafundisho tuliyoyahifadhi tangu madrasa, kisha wengi wetu tukayaacha mlangoni pa nyumba zetu, ni mafundisho ya haki ya njia. Mtume (s.a.w.) alipowakataza Masahaba kukaa njiani, nao wakamweleza kwamba hawana budi kukaa hapo kwa mazungumzo yao, aliwaamrisha waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Katika hadithi nyingine tumefundishwa kwamba imani ina matawi sabini na zaidi, na la chini kabisa miongoni mwake ni kuondoa kinachoudhi njiani. Wanaotufundisha hadithi hiyo hutaja mwiba, jiwe na mfupa. Zama zetu zimeongeza vingine, na kimojawapo ni kile chuma kilichofungwa nyuma ya gari, ambacho mwenye gari hakioni anapoendesha, bali kinamwelekea yule anayemfuata.

Tumeona tuwaandikie wasomaji wa kurasa hizi za familia habari za bampa la nyuma la pikapu yetu. Bampa si jambo kubwa, lakini kulichagua kulitulazimisha ndugu wa nyumba moja kuulizana ni nani hasa tunayemnunulia.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux, ya kile kizazi kilichoanza kutoka mwaka 2004 na kukoma mwaka 2015. Aliinunua marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa biashara ya samaki. Alipofariki, mirathi iligawanywa kama Qur'ani ilivyoelekeza: mama yetu akapata thumuni yake, yaani moja ya nane, na kilichobaki tukagawana sisi watoto, wa kiume akipata mfano wa fungu la wa kike wawili. Lakini gari haligawanyiki kwa msumeno. Tukakubaliana lisiuzwe, libaki shirika, kila mmoja na fungu lake katika thamani na katika faida. Kwa sababu hiyo hata nati moja ya gari hilo ina wenyewe wengi, na hakuna awezaye kufunga wala kufungua kitu bila ya wengine kuridhia.

Kazi ya gari haikubadilika. Alfajiri hushuka Feri, Magogoni, kupakia samaki na barafu, kisha hupeleka kwa wateja Ilala, Buguruni na Temeke. Barafu huyeyuka, na maji yenye chumvi na damu ya samaki hupita kwenye upenyo wa mlango wa nyuma na kulidondokea bampa siku nenda siku rudi. Chumvi haina haraka. Nikeli ilianza kubabuka, kutu ikaingia kwenye mikunjo, na mwishowe fundi alipoligusa bampa kwa ncha ya bisibisi, bisibisi ilipenya kama kwenye biskuti iliyolowa. Akatuambia kwamba kishikio cha upande wa kulia kimebaki jina tu, na kwamba tangu siku ile mtu yeyote asilikanyage bampa lile.

Neno hilo la kukanyaga ndilo lililotushitua, kwa kuwa bampa la pikapu hukanyagwa kutwa. Wapakiaji wa Feri hupandia hapo wakiwa na matenga mabegani. Mtaani kwetu, msiba unapotokea, pikapu yetu mara nyingi ndiyo hubeba jeneza kwenda makaburini, na vijana wanaolipokea jeneza husimama juu ya bampa hilo. Bampa pia hubeba kibao cha namba na taa yake, hukinga mlango wa nyuma, na juu ya yote ndilo la kwanza kukutana na aliye nyuma pale breki zinapochelewa.

Kuhusu hilo la mwisho, kuna tukio la nchi ya mbali linalofaa kutajwa hapa, kwa kuwa linaonesha waziwazi chuma cha nyuma ni cha nani. Mwezi Juni mwaka 1967, karibu na mji wa New Orleans nchini Marekani, gari dogo lililombeba mwigizaji wa filamu Jayne Mansfield liligonga tela la lori kwa nyuma usiku. Sehemu ya nyuma ya tela ilikuwa juu mno kwa gari dogo, na gari likapita chini yake. Watu wazima watatu waliokaa mbele walikufa; watoto wake watatu waliokuwa kiti cha nyuma wakanusurika. Hadi leo kile chuma cha mlalo kinachoning'inia nyuma ya matela, wapo Wamarekani wanaokiita kwa jina la mama huyo. Chuma hicho hakimfai dereva wa lori kwa lolote kubwa. Kimewekwa kwa ajili ya mtu asiyemjua, ambaye huenda asimwone maishani mwake.

Usiku mmoja baada ya Isha tulikaa barazani kushauriana. Rai zilikuwa tatu.

Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye anayeendesha, alitaka tuchomelewe bampa la bomba nene huko Gerezani, lenye ncha mbili zinazochomoza kidogo nje ya mbavu za gari. Tusimdhulumu kwa kudhani alikuwa na roho mbaya. Ni yeye ashindaye kwenye foleni, ni yeye alipaye taa inapopasuka. Hoja yake ilikuwa kwamba bodaboda hupenya pasipo nafasi, hukwangua gari, huvunja taa na kutokomea. "Tukifunga chuma," alisema, "atakayegonga atajua amegonga nini." Na bei ya kuchomelea ilikuwa ndogo kuliko zote, shilingi 250,000.

Dada yetu alipendekeza bampa jipya la kuigiza, linalouzwa likiwa ndani ya mfuko wake kwa shilingi 400,000, kwa hoja kwamba kipya hakina historia ya kuulizia. Rai ya tatu ilikuwa kutafuta la mtumba, lakini la asili, lililovuliwa kwenye Hilux nyingine ya kizazi hicho hicho.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa kimya muda wote. Yeye ni dereva wa bodaboda, na kijiwe chake kipo Buguruni. Wakati kaka anaendelea kueleza unene wa bomba, alipandisha suruali yake mpaka juu ya goti, akaweka mguu kwenye mwanga wa taa. Kovu lile tulikuwa tukilijua sote, lakini hatukuwa tumewahi kuuliza kwa kituo lilikotoka. Akasema alilipata kwenye foleni, gari zote zikitambaa, pale pikapu moja ilipojisogeza kidogo kubadili upande, na ncha ya bomba la bampa lake ikamchana chini ya goti. Dereva wa pikapu hakujua kitu; aliendelea na safari yake. "Kaka," akamalizia, "huyo unayetaka ajue amegonga nini, ni mimi."

Palipita kimya kirefu. Mama yetu ndiye aliyekivunja. Yeye hakusoma zaidi ya madrasa, lakini aliyoyasoma hukaa naye. Alitukumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamrisha apitaye na mishale misikitini na masokoni azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. "Hakuwakataza kuwa na mishale," alisema mama. "Nami sikukatazeni chuma. Ninakuulizeni tu, wanangu: ncha zake mtazishikaje, na mikono iko kwenye usukani?"

Tulipoitafakari kauli hiyo tuliona kwamba haikuipuuza hoja ya kaka. Maudhi ya waendesha pikipiki wasio na subira ni ya kweli, na taa za gari ni mali ya mama na ya ndugu. Lakini miongoni mwa kanuni za fiqhi ni kwamba dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake, seuze kwa dhara kubwa zaidi. Upande mmoja wa mizani kuna kioo cha taa, upande wa pili kuna mguu wa kijana anayetafutia nyumba yake riziki. Tena fundi alituongezea la ufundi: bampa la bomba nene halibonyei. Kishindo cha mgongano, badala ya kumezwa na bampa, hupelekwa moja kwa moja kwenye chesisi ya gari na kwenye mwili wa aliyegonga. Chuma kinachobonyea kinapoteza sura yake ili watu wawili wasipoteze za kwao.

Rai ya kaka ikaondoka, naye hakuishikilia. Zikabaki mbili, tukaenda nazo sokoni.

Bampa jipya la kuigiza lilituvunja moyo mara tulipolishika. Tulipokandamiza katikati kwa kidole gumba, bati lilinepa na kurudi kwa mlio. Lingependeza machoni, lakini lisingembeba mpakiaji mwenye tenga, wala vijana wanne wanaopokea jeneza. Hivyo tukageukia la mtumba, na hapo ndipo maswali ya dini yalipoongezeka kuliko ya ufundi.

Duka la kwanza lilikuwa na bampa zuri mno, na bei yake ilikuwa chini kiasi cha kutia shaka. Tulipouliza limetoka kwenye gari gani, muuzaji alisema limetoka tu, na kwamba risiti haandiki. Kila mwenye gari mjini amesikia kisa cha mtu aliyeamka akakuta vioo vya gari lake vimenyofolewa, akenda sokoni kutafuta vingine, akauziwa vile vile vyake. Watu hukicheka kisa hicho. Sisi hatukucheka siku ile, maana kununua kwa kufumba macho ndiko kunakomlipa mwizi ujira wake. Tukamshukuru muuzaji, tukaondoka.

Duka la pili walituonesha lililopakwa rangi nyeusi inayong'aa. Mdogo wetu alikuwa amechukua sumaku ndogo mfukoni, naye akaipitisha taratibu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Sumaku ilinata vizuri mpaka ilipofika kwenye kona ya kushoto, hapo ikadondoka. Chuma huvuta sumaku; pati haivuti. Chini ya rangi ile palikuwa na tundu au ufa uliojazwa pati na kusuguliwa. Muuzaji alisema ni rangi nene. Hatukubishana naye.

Duka la tatu lilikuwa la mzee mmoja, na bampa lake halikuwa na mvuto. Kabla hatujauliza chochote, alilipindua chini juu, akatuonesha mbonyeo wenye upana wa kiganja upande wa kulia, akatuonesha na kutu nyepesi ndani ya mkunjo. "Haya mawili ndiyo aibu zake," alisema. "Mkiridhika nayo, tuzungumze bei." Sumaku ilinata kila mahali. Katikati tulisimama watu wawili, halikunepa.

Hapo tulikumbuka ile hadithi ya Mtume (s.a.w.) alipoutia mkono wake kwenye lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta umajimaji ndani. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule ulolowa juu, watu wauone, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wao. Mzee yule alikuwa ameuweka ulolowa juu. Tulikubaliana shilingi 320,000. Akatuandikia risiti yenye jina la gari lilipotoka, na akatupa siku mbili za kulirudisha iwapo matundu yake hayatalingana na ya gari letu. Sheria yetu humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha bidhaa yenye aibu iliyofichwa. Mzee alituongezea muda kwa ihsani yake.

Fedha zilitolewa kwa kadiri ya mafungu ya mirathi. Tulitaka kumsamehe mama sehemu yake, akakataa katakata. Alifungua ncha ya khanga, akahesabu shilingi 40,000, thumuni kamili ya gharama, akasema anayepokea faida kwa thumuni hatakimbia hasara kwa thumuni.

Kufunga kulichukua siku nzima, na tungependa kueleza hatua zake kwa faida ya wasomaji wenye magari ya aina hiyo. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulizimwagia bolti kuukuu mafuta ya kulainisha kutu. Asubuhi tulichomoa waya wa taa ya namba kwanza, ili bampa lisije likaanguka likaukata. Bolti tatu zilifunguka kwa spana. Ya nne ilikataa, ikakatwa kwa grenda, huku mmoja wetu ameziba waya kwa tambara lililolowa na ndoo ya maji ipo karibu. Vishikio vyote viwili vilibadilishwa, hata kile cha kushoto kilichoonekana kizima, kwa kuwa vilikula chumvi ile ile kwa miaka ile ile. Bolti kuukuu hazikurudishwa. Tulinunua mpya zenye namba 8.8 kichwani, alama inayoonesha daraja la uimara wake. Zile zisizo na alama yoyote ni nafuu, lakini kazi ya kubeba watu si yake.

Fundi alishauri tumalizie kwa kuchomelea vishikio kwenye chesisi ili bampa lisitikisike kamwe. Tulimwomba asifanye hivyo. Moto wa kuchomelea huweza kuidhoofisha chesisi pale unapopita, na kilichochomelewa hakifunguliki bila kukatwa. Ikiwa kuna dharura ya kuchomelea popote kwenye gari, basi waya wa betri uchomolewe kwanza, vifaa vya umeme visiungue.

Bampa lilipoinuliwa mahali pake, bolti zote zilikazwa kwa vidole tu. Kisha tulipima nafasi kati ya bampa na bodi, kulia na kushoto, kwa upana wa kidole, tukalisogeza mpaka pande zikalingana. Hapo ndipo spana ilipotumika, kidogo huku na kidogo kule, asije mtu akakaza upande mmoja ukavuta mwingine. Kabla ya kumlipa fundi tulifanya mtihani mmoja ambao wengi huusahau: tulipitisha fimbo kwenye tundu lake, tukalishusha tairi la akiba na kulipandisha tena. Kwenye Hilux tairi hilo hukaa chini ya bodi, na bampa lisilo la asili huweza kuliziba tundu, mwenye gari akaja kugundua usiku wa manane njiani. Kisha taa ya namba ikajaribiwa. Mahali penye kutu palisuguliwa mpaka chuma kikaonekana, pakapakwa redoksaidi, halafu rangi mara mbili, ndani na nje. Baada ya wiki tulirudi kuzikaza bolti, maana chuma kipya hutulia.

Gari liliporudi nyumbani mama alitoka nje, akapitisha kiganja kwenye kona zote mbili za bampa, pole pole, kama apimaye ukingo wa sinia kabla ya kumpa mtoto. Hazikumkwaruza. Kaka yetu, kwa fedha yake mwenyewe na si ya shirika, alinunua utepe mwekundu unaong'aa ukimulikwa, akaubandika pande zote mbili, ili anayekuja nyuma usiku aone gari linapoishia.

Tangu hapo kila tukitoka Feri tunalimwagia bampa ndoo mbili za maji baridi yasiyo na chumvi. Nalo limekwisha kupata alama yake ya kwanza. Kwenye foleni ya jioni kijana mmoja wa bodaboda aliteleza, akaliparamia kwa ubavu. Bampa likabonyea kidogo karibu na ule mbonyeo wa zamani. Kijana aliinuka, akajifuta vumbi, akajikagua miguu, akamwomba kaka radhi, akaondoka na abiria wake. Kaka alituhadithia habari hiyo wakati wa chakula. Mdogo wetu alimsogezea bakuli la mchuzi, na mazungumzo yakaendelea.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tunamiliki chombo cha moto, au tunaye kijana anayekimiliki. Tunakichagulia rangi, redio na viti, na hayo hayana ubaya. Lakini ni vyema siku moja kuchutama nyuma yake, pale lilipo goti la mwendesha pikipiki na kichwa cha mtoto anayevuka kwenda madrasa, tukatazama wanachokiona wao. Pana ncha iliyochomoza? Pana bati lililokatika kama wembe? Taa zinawaka? Na kile tulichokifunga hapo, tulikinunua kwa nani, naye alikipata wapi? Hayo hayahitaji elimu ya ufundi, yanahitaji kukumbuka tu kwamba nyuma yetu daima pana mtu, na mtu huyo ana mama anayemsubiri.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoipa njia haki yake, awarehemu waliotutangulia, na awarudishe salama nyumbani vijana wetu wote walioko barabarani. Amin.